Filamu Iliyofunguliwa Mara Tano

Siku Liao Chinfa aliposikia Bi. Chuang akimtukana wifi yake barabarani, aliweka vijiti vyake vya kulia juu ya bakuli na kuuacha wali wa bata mzinga ukiwa bado unafuka moshi. Anayemjua Liao atakwambia hilo si jambo dogo. Mtu huyo aliwahi kumaliza bakuli zima huku tetemeko la ardhi likiendelea.

“Biskuti za mraba za asili ni zangu!” Bi. Chuang alikuwa akipiga kelele mlangoni pa duka lake, fagio mkononi. “Wewe umeolewa juzi tu kwenye ukoo huu!”

“Juzi ya miaka thelathini!” wifi yake Ahsia alimjibu kutoka ng'ambo ya barabara, mlangoni pa duka lake linalouza biskuti zilezile. “Na gazeti lilikuja kupiga picha kwangu, halikuja kwako!”

Bi. Chuang akamtikisia fagio. Akaingia ndani, akabamiza mlango wa kioo kwa nguvu hadi bei zilizobandikwa zikaanguka. Liao akatabasamu, akafuta mdomo, akamwambia mwenye mgahawa aandike deni. Mji mzima wa Chiayi ulikuwa umesikia ugomvi wa mawifi. Yeye peke yake alisikia filamu.

Sasa nikueleze Liao alikuwa nani, maana kwa sura tu ungemwamkia kwa heshima. Alivaa fulana ya mwongozaji yenye mifuko kumi na minne, kofia, na miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Ghorofa ya tatu, juu ya mgahawa huo wa wali, alikuwa na kampuni ndogo ya video yenye meza mbili, kamera moja na kibao kizuri kuliko vyote mtaani. Harusi alikuwa anapiga, kama njaa imembana. Lakini kazi yake hasa, ile aliyojaliwa kipaji, ilikuwa kufungua filamu.

Kwetu filamu haianzi hivihivi. Panawekwa meza ya matunda na vinywaji mbele ya miungu, kamera inafunikwa kitambaa chekundu, wote wanashika vijiti vya udi na kuinama, kisha kitambaa kinavutwa, inapigwa picha ya kwanza, na watu wanapiga makofi. Ni jambo tukufu. Liao alikuwa amelifanya mara nne katika miji minne, kwa fedha za wafadhili wanne, na hakuna aliyewahi kuona picha ya pili. Baada ya ufunguzi kilikuwa kinaingia kazini kitabu cha siku njema na siku mbaya. Leo si siku ya kuanza safari. Kesho si siku ya kuhamisha vitu vizito. Wiki ijayo ni mwezi wa mizimu, nani anathubutu? Mfadhili akichoka kungoja na kuamua kusoma mkataba wake, anakuta kampuni iliahidi “kufungua filamu”. Na kweli, ilifunguliwa.

Aliyebeba meza, matunda, taa na kamera alikuwa Fang Peichun, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa chuo kimoja cha mjini hapo, aliyetumwa kwa Liao kwa mafunzo ya kazi. Alipiga picha, alikata na kuunga video za harusi, alifagia, alijibu simu za wafadhili wenye hasira. Mshahara hakuna, ni mafunzo. Alichohitaji ni karatasi moja tu, cheti cha saa mia tatu na ishirini chenye mihuri miwili, mkubwa wa kampuni na mdogo wa mwenye kampuni. Bila mihuri hiyo hahitimu, na asipohitimu, kazi aliyopewa kwenye kituo cha televisheni cha Kaohsiung itakwenda kwa mwingine. Siku ya mwisho ya kupeleka karatasi ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri. Mihuri yenyewe Liao aliivaa kiunoni ndani ya kifuko, chini ya shati, na nasikia hata akioga haivui.

“Mwongozaji, cheti changu,” Peichun alimwambia alipopanda ofisini mchana ule.

“Cheti kipi?”

“Nilichokuletea jana. Na juzi. Na wiki iliyopita.”

“Aaa, kile! Binti, saa zako hazijatimia.”

“Wanataka mia tatu na ishirini. Nimefanya mia nne na kumi.”

“Umetoa saa za kula?”

“Nimetoa.”

“Na za kupanda ngazi? Ghorofa tatu hizi, kupanda na kushuka, kila siku. Chuo kinataka saa za kazi, hakitaki za mazoezi ya mwili.” Akamshika bega kwa huruma ya baba mzazi. “Nisaidie ufunguzi mmoja tu, Alhamisi, halafu nitakugongea mihuri mpaka karatasi ichanike.”

Peichun alikuwa ameshasikia ahadi hiyo kwa funguzi mbili zilizopita. Angeweza kulia, na kwa kweli alikwenda chooni akalia kidogo. Kisha akanawa uso akarudi kuhariri harusi ya watu.

Liao hakuchelewa. Jioni hiyohiyo alikuwa ameketi dukani kwa Bi. Chuang, akila biskuti za kuonja kwa macho yaliyofumbwa.

“Mungu wangu,” alinong'ona. “Ndiyo hii. Nimeitafuta kisiwa kizima.”

“Umetafuta nini?” Bi. Chuang aliuliza, akisogeza sahani ya kuonja mbali naye. Alikuwa mama wa miaka sitini na mmoja, tajiri, na mkono wake ulikuwa mgumu kufunguka.

“Biskuti ya filamu yangu. Hadithi ya binti mrembo wa zamani aliyeokoa mji kutokana na njaa kwa kuoka biskuti za mraba. Sinema zote za nchi zitaonyesha. Kikwazo ni kimoja, sijampata wa kuwa huyo binti.”

“Binti wa miaka mingapi?”

Liao akavua miwani, jambo analolifanya kwa nadra. “Ishirini na mitano, lakini mwenye hekima. Shangazi, hebu geuka kidogo kwenye mwanga… Hapo hapo! Usisogee!”

Bi. Chuang hakusogea. Kwa dakika nzima alisimama ameinua kidevu, na mteja aliyeingia akadhani ameshikwa na ugonjwa.

“Inagharimu kiasi gani?” hatimaye aliuliza bila kushusha kidevu.

“Kwa mfadhili mkuu? Dola laki tatu.”

“Laki moja.”

“Laki tatu, na jina lako linatangulia la kwangu.”

“Laki mbili na nusu. Na duka la wifi yangu lisionekane hata kivuli chake. Kamera ikielekea ng'ambo, nadai fedha zangu.”

“Tutalifuta,” Liao aliapa. “Watazamaji watadhani barabara yako ina upande mmoja tu.”

Walikubaliana. Lakini Bi. Chuang hakuwa mjinga kabisa, alikuwa mchoyo, na mchoyo huogopa kuibiwa kuliko mtu mwingine yeyote. Alisema hatatoa hata senti kabla ya kumuuliza Babu wa Ardhi, mungu mlinzi wa mtaa wao, kwenye hekalu lake dogo, mbele ya majirani wote. Babu akikubali mara tatu, bahasha itatoka palepale na mkataba utagongwa mihuri palepale.

“Nilikuwa nataka kukuomba hivyohivyo,” Liao alijibu, na safari hii hakusema uongo.

Kila mtu hapa anajua namna Babu anavyoulizwa. Una vipande viwili vya mzizi wa mwanzi, umbo lake kama korosho, upande mmoja bapa na mwingine umebinuka. Unataja jina lako, unauliza swali, unavirusha sakafuni. Kimoja kikionyesha bapa na kingine kikaonyesha mgongo, Babu amekubali, na kwa mambo mazito lazima akubali mara tatu mfululizo. Migongo yote ikiwa juu amekataa, na vyote vikilala bapa juu anakucheka tu, hakujibu. Liao alikuwa na vipande vyake mwenyewe, alivyodai kurithi kwa mwalimu wake wa filamu. Alivitunza ndani ya mfuko wa hariri, na hakuruhusu mtu kuvigusa.

Jumatano Peichun alivigusa. Alikuwa akipanga vifaa vya kesho, mfuko ukamponyoka, vipande vikabingirika chini ya meza. Akaviokota kwa hofu, akaomba radhi, vikamponyoka tena. Vilikaa vilevile, kimoja bapa juu, kingine mgongo juu. Hapo akaketi sakafuni, akavirusha kwa makusudi. Vikakaa vilevile. Akarusha mara ishirini. Alivirusha kutoka juu ya kiti, akavirusha kwa mguu, Babu anisamehe kulitamka hilo. Mara zote ishirini jibu lilikuwa ndiyo. Alipovipima viganjani akasikia kila kimoja kina uzito upande mmoja, madini ya risasi yaliyofichwa ndani kwa ustadi wa fundi hasa.

Peichun alikasirika hadi masikio yakamwaka. Wazo lake la kwanza lilikuwa kukimbilia kwa Bi. Chuang na kumwambia kila kitu. La pili, likamjia akiwa ameshashika kitasa cha mlango, lilikuwa kwamba Liao akikimbia usiku huo, mihuri itakimbia naye kiunoni. Akavirudisha vipande mfukoni, akafunga kamba vizuri. Kisha akachukua cheti chake, akakikunja mara mbili, akakitia mfuko wa suruali.

Alhamisi asubuhi hekalu lilijaa. Meza ilipendeza, ananasi, machungwa, makopo ya juisi, na juu ya kamera pakiti ya kijani ya chipsi, ile tunayoiweka kwetu juu ya mashine ili isigome. Bi. Chuang alikuja amevaa gauni la binti wa zamani, la kukodi, limembana hata kukohoa hawezi. Wifi yake Ahsia alisimama nyuma ya nguzo akijifanya amekuja kuomba mambo yake mengine. Mzee Hou, mtunza hekalu, alikuwa amevaa koti lake jipya.

“Mzee, leo tutatumia vya kwangu,” Liao alitangaza, akiinua mfuko wa hariri ili wote waone. “Vimeombewa katika mahekalu saba. Havijawahi kusema uongo, na anayevitilia shaka anamtilia shaka Babu mwenyewe!”

Peichun alikuwa nyuma ya kamera, akirekodi. Alihakikisha maneno hayo yameingia.

Liao akapiga magoti, akauliza kama Babu anaibariki filamu hii na mfadhili wake. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Watu wakashangilia, fataki zikalipuka nje. Bi. Chuang alifuta machozi kwa ncha ya kidole ili asiharibu rangi ya macho, akatoa kwenye mkoba bahasha nyekundu iliyotuna. Liao alikuwa ameshafungua kifuko cha kiunoni, mihuri iko mezani kando ya mkataba, mkono wake umetangulia mbele.

“Samahani,” Peichun akasema. “Mwongozaji, na mimi nina swali dogo kwa Babu.”

Mkono wa Liao ukaganda hewani. “Babu amechoka, binti.”

“Babu hajainuka kwenye kiti chake tangu enzi za babu yangu,” Mzee Hou alisema. “Achoke kwa lipi? Njoo, mwanangu, uliza.”

Peichun akaacha kamera ikiendelea, akapiga magoti. Moyoni alijua vipande ni vya uongo lakini Babu aliyeketi mbele yake ni wa kweli. Kwanza akamuomba radhi kimyakimya. Kisha akapaza sauti.

“Mimi ni Fang Peichun, nimezaliwa mwaka wa Mbuzi, naishi bweni la wasichana, chumba mia mbili na saba. Nimemfanyia kazi Mwongozaji Liao saa mia nne na kumi, pamoja na ngazi. Babu, unaridhia anigongee cheti changu leo, hapahapa, sasa hivi?”

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

Watu wakaguna kwa mshangao. Liao akavitazama vipande vyake mwenyewe. Angesema nini? Kwamba vipande si vya kuaminika? Dakika kumi hazijapita tangu aviapie kwa mahekalu saba. Akaichukua karatasi kwa vidole viwili, akagonga muhuri mkubwa.

“Huu mdogo… nadhani nimeuacha ofisini,” alisema, akiufunika kwa kiganja.

“Nimuulize Babu kama umo chini ya mkono wako?”

Kicheko kikalipuka hekalu zima. Liao akagonga na mdogo. Peichun aliupulizia wino wa karatasi yake ukauke, na hakuikunja tena. Alikuwa analia waziwazi, na safari hii hakwenda chooni.

Nawe ungedhani yameisha. Lakini Bi. Chuang alikuwa amerudisha bahasha mkobani, anavitazama vile vipande kwa macho mapya.

“Kumbe hata mambo madogomadogo anajibu,” alisema taratibu. “Nisaidieni kupiga magoti, gauni hili halikunjiki.”

“Shangazi, mambo ya fedha hayaulizwi mbele ya…”

“Wewe ulichouliza kilikuwa nini, hali ya hewa?” Akashushwa sakafuni na majirani wawili. “Babu, unaridhia nilipe baada ya filamu kumalizika, nikishaiona kwa macho yangu? Na kwenye mkataba paandikwe kumaliza, kabla ya Sikukuu ya Mwezi?”

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Mzee Hou mwenyewe aliandika neno hilo kwa kalamu, na Liao akagonga mihuri huku jasho likimtiririka kwenye mifuko yote kumi na minne.

Hapo Ahsia akatoka nyuma ya nguzo.

“Wewe hukualikwa!” wifi yake akamfokea akiwa bado chini.

“Babu ni wa mtaa mzima,” Ahsia alijibu, akaviokota vipande. “Babu, unaridhia na duka langu lionekane kwenye filamu hiyo? Mlango, kibao, na mimi mwenyewe nimesimama?”

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

“Vimeharibika hivyo!” Bi. Chuang akapiga kelele.

“Ulipovirusha wewe vilikuwa vizima?” Mzee Hou alimuuliza. “Vizima,” Bi. Chuang akakiri, maana kuvikana ni kuirudisha laki mbili na nusu mikononi mwa Liao, na hilo lilimuuma kuliko wifi.

Baada ya hapo foleni ilijipanga yenyewe. Muuza tambi aliomba mwanawe apande farasi kwenye filamu. Kinyozi aliomba auawe kishujaa, si mapema sana. Kikundi cha akina mama cha kucheza asubuhi, watu kumi na wanane, kiliomba kionekane kikicheza wimbo mzima bila kukatwa. Mwenye mgahawa wa wali alimuuliza Babu kama Liao alipe bakuli zake zote za tangu mwaka juzi. Babu, siku hiyo, hakumkatalia mtu.

Liao alikuwa ameng'amua njia ya kutokea, nayo ilikuwa rahisi. Avishike vile vipande yeye mwenyewe, aulize kama anaweza kusamehewa yote. Jibu analijua. Akajipenyeza mbele.

“Foleni, Mwongozaji!” akina mama kumi na wanane wakamrudisha nyuma kwa viwiko.

Alipofika zamu yake, mwisho kabisa, Mzee Hou alikuwa akivifuta vipande kwa kitambaa safi. Akaviweka ndani ya sanduku la kioo miguuni pa Babu, akalifunga kwa kufuli. “Vitu vyenye neema namna hii havitoki tena hekaluni,” alisema. “Ahsante kwa zawadi.”

Liao akamgeukia Peichun, ambaye alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki.

“Binti, mwanangu. Watu arobaini na tatu na farasi. Nani ataipiga filamu hii?”

“Mwongozaji ni wewe.”

“Nitakulipa!”

“Muulize Babu,” Peichun akasema, akamwinamia vizuri kama anavyoinamiwa bosi, akaondoka. Saa tano na nusu asubuhi alikuwa mbele ya dirisha la karani wa chuo, siku nzima kabla ya wakati. Karani aliitazama mihuri miwili, akaunusa wino kwa mazoea, akaipokea karatasi. Peichun alimpigia mama yake simu akiwa bado amesimama dirishani, na watu waliokuwa nyuma yake walimvumilia.

Hekaluni walibaki Liao na Mzee Hou. Meza ilikuwa tupu, machungwa yameshagawanywa. Liao alitazama huku na huku, akavua kofia, akavua miwani, akaomba vipande vya kawaida vya hekalu, vile vilivyochakaa kwa mikono ya watu. Alipiga magoti, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumuuliza Babu swali ambalo hakujua jibu lake.

“Mimi ni Liao Chinfa,” alisema kwa sauti ndogo. “Babu, unaridhia niondoke mjini leo, niiache hii filamu?”

Akavirusha. Vyote viwili vikalala bapa juu, vikawa vinayumbayumba kwenye migongo yao.

“Anakucheka,” Mzee Hou akasema.

Liao akarusha tena. Vikayumba. Akafuta mikono kwenye fulana, akavishika kwa muda mrefu, akavirusha mara ya tatu, na mara ya tatu vikayumba.

Mzee Hou akaviokota, akavirudisha mahali pake. “Miaka arobaini niko hapa,” alisema, “sijamwona akimcheka mtu mara tatu. Nadhani anataka kuiona hiyo filamu.”